Ufundi mitambo: Ajira iliyojificha nyuma ya mashine ya kukoboa

Na Mwandishi Wetu

MPUNGA ukishavunwa, ukapurwa na kuanikwa, mkulima wa Ifakara, Mbarali au Kahama hana tena ugomvi na ndege wala mvua. Ugomvi wake unahamia kwenye mashine. Mashine ikiwa nzima, gunia linatoa mchele mzima na mnunuzi kutoka mjini anafungua mkoba bila maneno mengi. Lakini roli za mpira zikiwa zimelika na hakuna aliyejua wakati wa kuzibadilisha, sehemu kubwa ya mchele inatoka chenga. Bei ya chenga kila mkulima anaijua.

Kati ya mkulima na mnunuzi, basi, kuna mtu mmoja ambaye hatajwi sana kwenye mikutano ya kilimo wala kwenye vikao vya ushirika. Huyo ni fundi mitambo.

Wengi wakisikia neno fundi humfikiria fundi magari, fundi umeme au yule mwendesha mashine anayesimama mlangoni akiwa mweupe kwa unga. Fundi mitambo wa viwandani si mmoja wao, ingawa anajua kidogo kazi ya kila mmoja. Kazi yake ni kuisimika mashine kwenye msingi wake, kuinyoosha laini na mota au injini inayoiendesha, kufunga beringi, shafti, mikanda, minyororo na gia boksi, kuifanyia matengenezo kwa ratiba na kuifungua inapogoma. Kiwanda kikihamishwa, yeye ndiye anayekifungua vipande vipande na kukiunganisha tena mahali pengine kikafanya kazi.

Ufundi huu ulizaliwa kwenye vinu vya nafaka. Katika Uingereza ya zamani, kabla ya kuwapo wahandisi wenye vyeti, aliyejenga na kutengeneza vinu vya maji na vya upepo ndiye aliyeitwa kila penye gurudumu la kuzunguka. Mmoja wao, Andrew Meikle wa Scotland, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mashine ya kupura nafaka iliyofanikiwa, katika miaka ya 1780. Mkulima wa leo anayekodi mashine ya kupuria mahindi au mpunga anatumia kazi iliyoanzia mikononi mwa fundi vinu, aliyeona wenzake wakipiga masuke kwa fimbo kutwa nzima.

Walikotoka mafundi wetu

Hapa Tanzania shule ya kwanza kubwa ya ufundi huu haikuwa chuo. Ilikuwa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Kila shamba lilikuwa na korona yake, mashine kubwa ya kusindika majani kutoa singa, na kila korona ilikuwa na karakana yenye mafundi wa kuchonga, kuchomelea na kunyoosha shafti. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge, na mitambo ya kusindika shehena hiyo haikujitengeneza yenyewe.

Baadaye vikaja viwanda vya umma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China, vikafuata vya Mwanza na Musoma, viwanda vya korosho vya Mtwara na Lindi, viwanda vya sukari, vya ngozi na vya zana za kilimo. Kijana aliyeingia humo kama msaidizi alitoka baada ya miaka kadhaa akiwa fundi kamili, kwa sababu alikuwa chini ya fundi mkuu ambaye hakuwa na mchezo. Viwanda vingi viliposimama na kubinafsishwa katika miaka ya 1990, mafundi hao walitawanyika mitaani na vijijini. Ndio waliofufua mashine nyingi za unga na za kukoboa mnazoziona hadi leo.

Tatizo ni kwamba kijana aliyekuwa na miaka 25 viwanda vilipoanza kufungwa sasa ni babu. Waliojifunza kwake walijifunza kwa kuangalia tu, na wengi walishika mikono yake bila kushika hesabu zake. Wanajua kufungua mashine na kuifunga. Ukiwauliza kwa nini puli hii ni inchi 9 na ile ni inchi 4, wanakujibu kwamba ndivyo walivyoikuta. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo fedha nyingi za wafanyabiashara wadogo zinapopotelea, na ndipo vidole vya vijana vinapobakia.

Hesabu ya puli

Tuchukue jambo lililotokea katika vijiji vingi baada ya umeme kuanza kufika. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007 kutokana na sheria ya mwaka 2005, na tangu hapo wenye mashine za kusaga wamekuwa wakiachana na injini za dizeli na kununua mota. Ni uamuzi mzuri, maana dizeli ni gharama na injini ina kelele na moshi. Lakini mota na injini hazizunguki sawa.

Injini ya dizeli ya aina ya Lister yenye nguvu farasi 8, ile ya silinda moja yenye magurudumu mawili makubwa, huzunguka mara 850 kwa dakika. Ili kinu cha nyundo kizunguke kwa kasi ya kusaga, fundi wa zamani aliipa injini puli kubwa na kinu puli ndogo. Tuseme ya injini ni inchi 16 na ya kinu ni inchi 4. Gawanya 16 kwa 4 upate 4, zidisha na 850: kinu kinazunguka mara 3,400 kwa dakika.

Mwenye mashine anauza injini, anabaki na puli. Ananunua mota ya umeme ambayo kibao chake kinaonyesha mizunguko 1,450 kwa dakika. Fundi wa kuokoteza anaona puli ya zamani bado nzima, anaipelekea kuchonga tundu liingie kwenye shafti ya mota, anafunga mikanda na kuwasha. Sasa kinu kinatakiwa kuzunguka 1,450 mara 4, yaani 5,800. Kasi imepanda kwa asilimia 70. Nguvu inayovuta nyundo kutoka kwenye pini zake haipandi kwa kiasi hicho, bali kwa kipeo cha pili cha kasi. Imekuwa karibu mara 3 ya ile iliyokusudiwa na aliyekitengeneza kinu.

Mwenye bahati, mota inazidiwa na kuungua kabla ya jambo jingine. Asiye na bahati, pini inakatika na nyundo inapasua bati la kinu. Mbele ya kinu huwa kuna mtu anayemimina mahindi, na nyuma yake foleni ya akina mama na watoto wenye ndoo.

Fundi anayejua kazi yake angepiga hesabu ya dakika moja. Anataka 3,400, ana 1,450, puli ya kinu ni inchi 4. Anahitaji puli ya mota ya inchi 9 na kitu, basi atanunua ya 9 na nusu au atachongesha. Hesabu hiyo ni ya darasa la saba. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kijana kwamba lazima ifanywe, na kwamba kabla ya kuifanya ni lazima asome kibao cha mota, kwani zipo mota za mizunguko 2,900 zinazofanana kwa sura na za 1,450.

Nyundo moja, beringi moja

Mfano wa pili ni wa kila siku. Beringi ya kinu imekufa. Mwenye mashine anatuma mtoto na pikipiki kwenda mjini kununua nyingine, akiwa ameshika ile mbovu kama kielelezo. Fundi aliyesoma hahitaji kielelezo. Beringi imeandikwa namba ubavuni, mathalani 6308. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata unene wa shafti kwa milimita, hapa ni 40. Ile 3 inaonyesha kwamba ni nzito kuliko ndugu yake 6208, ambayo inaingia kwenye shafti ileile lakini ni nyembamba zaidi na haibebi mzigo uleule. Duka lisilo na 6308 litakuuzia 6208 kama hujui, na utarudi tena kabla mwezi haujaisha.

Beringi mpya inapofika ndipo inapouawa. Fundi wa mtaani anaiweka kwenye shafti na kuigonga kwa nyundo kwenye ringi ya nje hadi iingie. Kila pigo linapita kwenye gololi na kuacha vidonda vidogo ndani ya njia zake. Mashine itawaka vizuri, mwenye mali atafurahi, na beringi itaanza kulia mapema kuliko ilivyostahili. Namna sahihi ni kuipasha moto ndani ya oili hadi nyuzi 80 au 100 hivi, iteleze yenyewe kwenye shafti, au kuigonga kwa bomba linalogusa ringi ya ndani peke yake. Moto wa gesi wa kuchomelea haufai kuielekezea, maana unaiharibu chuma chake.

Halafu kuna grisi. Kuna imani kwamba grisi ikijazwa hadi imwagike ndiyo matunzo. Nyumba ya beringi inatakiwa kujazwa theluthi moja hadi nusu, zaidi ya hapo grisi inakorogwa, inapata joto na beringi inachemka. Mashine nyingi zimeuawa na upendo wa namna hiyo.

Kuhusu gharama, tupige hesabu ya mfano tu, kila mmoja aweke bei za kwake. Mashine inakoboa magunia 40 kwa siku ya msimu na mwenye mashine anatoza Sh5,000 kwa gunia. Siku 3 za kusubiri fundi na kipuri ni Sh600,000 zilizopita mlangoni zikaenda kwa jirani, na mteja aliyehamia kwa jirani harudi upesi. Beringi mbili za akiba kabatini hazifiki fedha hiyo hata kwa mbali.

Zao lako, mashine yako

Kwenye mpunga, roli mbili za mpira zinazomenya maganda huzunguka kwa kasi tofauti, na inayokwenda kasi zaidi huisha mapema. Fundi anayejua huzibadilishana nafasi ili ziishe sawa, na huipima nafasi iliyo kati yake kila mara, kwani ikibana sana mchele unavunjika na ikiachia sana mpunga unapita bila kumenywa.

Katika alizeti, ambayo ni roho ya Singida na Dodoma, fedha inapotelea kwenye mashudu. Parafujo ya kukamulia inalika kidogo kidogo na nafasi kati yake na vyuma vinavyoizunguka inaongezeka, mgandamizo unapungua, na mafuta yanabaki ndani ya mashudu. Mkulima analalamika kwamba mbegu za mwaka huu hazina mafuta, wakati mwingine mbegu hazina kosa lolote. Fundi mwenye mashine ya kereza na mtambo wa kuchomelea anaweza kuijaza parafujo hiyo chuma kigumu, kuichonga na kuirudisha kazini badala ya kununua mpya.

Kahawa nayo ina lake. Mashine ya kumenya matunda ikibanwa mno inakwaruza na kukata punje, na punje iliyokatwa huharibika kwenye kuvundika na kuchafua ladha ya nyingine. Hakuna mwonjaji wa kahawa atakayesamehe, na mkulima wa Mbinga au Mbozi anayelipwa kwa daraja ndiye atakayeumia.

Chai inahitaji maelezo kidogo zaidi, kwa sababu ndiko fundi anakoonekana waziwazi. Viwanda vingi vya chai vya Kenya na Tanzania hukata jani kwa jozi za roli zenye meno madogo makali. Meno hayo yanakufa butu kwa kazi ya kawaida, na kila baada ya muda roli hufunguliwa na kupelekwa karakana kunolewa upya kwenye mashine maalumu. Roli butu haikati, inaponda, na chai hutoka na sura na rangi ambayo mnadani haipati bei. Kwa hiyo mkulima mdogo wa Kericho au Nyeri ambaye kiwanda chake kiko chini ya KTDA, sawa na mwenzake wa Rungwe, kila mwezi analipwa kwa sehemu fulani na ukali wa mkono wa fundi wa kunoa ambaye hajawahi kumwona.

Njia ya kuingia

Zipo njia mbili, ya chuo na ya karakana, na kijana mwenye akili huzichanganya.

Ya chuo inaanzia VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kozi inayotafutwa inaitwa ufundi mitambo, na ndugu zake wa karibu ni ukerezaji wa vyuma na uchomeleaji na uundaji wa vyuma. Mzazi asikubali tu kwamba kijana amepata nafasi VETA, aulize nafasi ya kozi gani. Si kila chuo kinafundisha ufundi mitambo, maana karakana yake ni ghali. Vingi vya wilayani vina umeme wa majumbani, uashi, ushonaji na magari. Vyuo vikongwe vya mikoani, kama Chang'ombe cha Dar es Salaam, Kihonda cha Morogoro au Moshi, vina historia ndefu ya kazi za vyuma. Nje ya VETA kuna vyuo vya mashirika ya dini, kikiwamo cha Don Bosco mjini Dodoma, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa mwaka 1975.

Zamani mafundi walipimwa kwa majaribio ya daraja la III, la II na la I, na mpaka leo utasikia mzee akijitambulisha kama fundi daraja la kwanza kwa fahari zote. Mfumo wa sasa una ngazi tatu za vyeti vya ufundi stadi, ya I hadi ya III. Kenya bado wanatumia majaribio ya madaraja chini ya NITA. Aliyemaliza ngazi za ufundi stadi na mwenye ufaulu wa kidato cha nne anaweza kuendelea na masomo ya fundi sanifu katika vyuo kama Chuo cha Ufundi Arusha au DIT ya Dar es Salaam, na kutoka hapo njia ya uhandisi haijafungwa. Tangu mwaka 2024 pia kuna mkondo wa amali katika sekondari, ambao unamwezesha mtoto kuanza ufundi akiwa bado na sare.

Kwa miaka mingi ada ya vyuo vya VETA ya kozi ndefu imekuwa Sh60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni, na chuo humwongezea mzazi orodha ya mahitaji na michango. Aulize jumla, si ada peke yake. Hata hivyo, ukilinganisha na fedha wanazotumia wazazi kwa miaka miwili ya sekondari binafsi isiyo na maabara, hakuna haja ya kubishana.

Miezi ya mwanzo huwakatisha tamaa wengi. Kijana anatarajia kushika mitambo mikubwa, anapewa tupa na kipande cha chuma na kuambiwa akisawazishe kiwe na pembe mraba. Anapiga tupa hadi malengelenge. Mwalimu anaweka pembe-mraba juu yake, anaonyesha mwanga unaopita chini na kumrudishia. Zoezi hilo limedumu kwa sababu linamfundisha jicho na mkono kuheshimu sehemu ya kumi ya milimita. Baadaye huja kusoma michoro, kupima kwa kaliba na maikromita, kukereza, kuchomelea, pampu, gia, na umeme wa kutosha kujua kwamba mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja itaungua, na kwamba ikizunguka kinyume unabadilishana nyaya mbili tu.

Njia ya pili ni kukaa chini ya bingwa. Hii haina ada, lakini ina utumwa wake: mwaka wa kwanza ni kuosha vipuri kwa dizeli na kutumwa soda. Ubora wake ni kwamba kijana anakutana na mashine zilizoharibika kweli, jambo ambalo vyuo vingi haviwezi kulitoa. Aliyejifunza namna hii asikate tamaa kuhusu cheti. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti bila kurudi darasani kuanza upya. Kiwanda cha sukari au cha saruji hakitamwajiri kwa maneno ya jirani zake, kitamwajiri kwa karatasi hiyo pamoja na jaribio la mlangoni.

Haraka haifai. Katika jimbo la Ontario, Canada, uanagenzi wa ufundi huu umepangiwa saa 8,000, karibu miaka 4, na sehemu kubwa ya saa hizo ni kazini. Kijana wa kozi ya miezi mitatu anayejitangaza kuwa fundi mitambo anajidanganya na kumdanganya mwenye mashine.

Kuhusu wasichana, hoja ya nguvu haina uzito iliokuwa nao. Vitu vizito huinuliwa kwa mnyororo na puli, na mwanamume anayeinua gia boksi kwa mgongo si hodari, ni mgonjwa wa kesho. Kazi za kupima, kunyoosha laini na kutunza kumbukumbu zinataka utulivu kuliko misuli.

Kazi yenyewe ilivyo

Asidanganywe mtu kwamba ni kazi safi. Ni ya grisi, joto na vumbi, na mashine ina tabia ya kuharibika usiku wa Jumamosi. Katika viwanda vya sukari kama Kilombero na TPC, msimu wa kusaga miwa ukiisha mvua za masika zinapoingia ndipo kazi ya mafundi inapokolea: mitambo yote hufunguliwa, roli za kukamulia hutengenezwa, na kila kitu lazima kirudi mahali pake kabla miwa haijaanza kukatwa. Vibarua wenye ujuzi huitwa kwa wingi wakati huo, na kwa kijana aliyetoka chuoni huo ndio mlango mpana kuliko yote. Akionekana anafaa kwa miezi miwili, jina lake linabaki kwenye daftari la msimamizi.

Hatari ni ya kweli. Mkanda unaozunguka hauna macho, unachukua kanga, mkono wa shati, kidole na nywele kwa usawa. Kanuni ya kwanza ya fundi ni kwamba haingizi mkono ndani ya mashine kwa sababu tu imesimama. Anazima swichi kuu, anaifunga kwa kufuli, ufunguo anautia mfukoni mwake na si mfukoni mwa mwingine. Mashine nyingi za vijijini hazina hata kizuizi cha bati juu ya mikanda, kizuizi ambacho mchomeleaji anakitengeneza kwa nusu siku. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mashine akiweke, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, unamhusu mwajiri wa kijana mmoja kama unavyomhusu wa mia. Wenye mashine wengi hujua habari hizi siku ambayo mtu amekwishakatika mkono.

Kwa kipato, fundi wa kiwandani ana mshahara na malipo ya saa za ziada. Fundi wa kujitegemea ana msimu. Anayefanikiwa mtaani ni yule aliyeacha kusubiri kuitwa. Anakubaliana na wenye mashine kumi au kumi na tano katika mnada na vijiji vya jirani, anawapitia mara moja kwa mwezi kwa malipo madogo ya kudumu, anasikiliza beringi, anakaza mikanda, anapima laini ya puli kwa uzi, anaandika kwenye daftari. Mwenye mashine anapungukiwa na hasara za ghafla, fundi anakuwa na kipato hata Februari ambapo hakuna mavuno. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 na yenye ofisi mikoani, imekuwa ikiwasaidia mafundi wa aina hii kwa mafunzo na vifaa, na Arusha kuna TEMDO na CAMARTEC ambako fundi mdadisi anaweza kuona michoro na mitambo iliyobuniwa kwa mazao ya hapa.

Mwenye mashine anayemtafuta fundi asimpime kwa wingi wa spana. Amwulize kinu kinazunguka mara ngapi kwa dakika na amejuaje. Amtazame anapofunga mikanda: mikanda ikiwa mitatu na mmoja umekatika, fundi mzuri hubadilisha yote mitatu, kwa sababu mpya peke yake utabeba mzigo wa wenzake waliolegea na kukatika nao. Na aangalie kama kabla ya kugusa chochote ameomba ufunguo wa swichi.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake anasubiri matokeo, fomu za VETA kwa kawaida hutolewa katika nusu ya pili ya mwaka, hufuatiwa na jaribio la kupima uwezo, na masomo huanza Januari. Katika fomu kuna nafasi ya kuchagua kozi zaidi ya moja. Nafasi ya kwanza iandikwe ufundi mitambo na ya pili ukerezaji wa vyuma, kwani karakana zake hukaa jengo moja na aliyeingia kwa mlango mmoja hukutana na wa mlango mwingine kwenye mashine zilezile.